Sanduku la Mpima Ardhi

Mara ya mwisho mliniacha nimepiga magoti kwenye ngazi za ukumbi wa harusi, naokota vitufe vya kinanda changu kimoja kimoja, huku bibi harusi akinipita na gauni lake likizoa viwili. Begi la nepi la dada yangu lilikuwa limeachia zipu. Nililibeba kwa sababu lilikuwa na sponji ndani, na kwa sababu lilikuwa la bure, nami cha bure sijui kukikataa.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni mpiga muziki wa mashine. Bendi yangu yote ni vitu vitatu. Mashine ya midundo yenye ukubwa wa kitabu, kinanda kidogo cha vitufe ishirini na vitano, na kisanduku cha kutia mwangwi. Vyote vinakula betri, ndiyo maana mtaani naitwa Betri. Wenzangu wana wapiga ngoma wanaolewa na kuchelewa. Yangu haichelewi, ila ukiiangusha imekwisha.

Kwa hiyo nilihitaji kitu cha kuibebea. Nasikia wasomaji wengine mmemwandikia mhariri kwamba mtu hawezi kuwa mjinga kiasi hiki wiki sita mfululizo. Someni ya leo kwanza, barua zije baadaye.

Nilianza kwa fundi seremala. Nikamwambia nataka sanduku dogo la kubebeka, lisiloruhusu vitu kugongana. Baada ya siku nne akanionyesha sanduku la mbao ngumu, pembe za chuma, bawaba nne. Lilikuwa zuri mpaka unatamani kuliweka sebuleni. Nikajaribu kulinyanyua.

"Fundi, mbona zito hata kabla sijaweka kitu?"

"Si ulisema vitu viwe salama?"

"Nilisema pia nitakuwa nabeba."

"Sasa mdogo wangu, hayo ni mambo mawili," akasema. "Ungechagua moja tangu mwanzo."

Lile sanduku mpaka leo analikalia yeye akila chakula cha mchana.

Nikahamia kwa fundi viatu. Huyu akanishonea mkoba wa ngozi uliokaa kwenye mashine ya midundo kama soksi kwenye mguu. Mwepesi, mzuri, una mkanda wa begani. Siku ya tatu ukanyeshewa, ukakauka juani, ukanywea mashine ikiwa ndani. Nilikaa kitandani na wembe nikiuchana mkoba wangu mwenyewe ili niitoe mashine yangu mwenyewe. Fundi viatu nilipomweleza akasema ngozi ni ngozi, na kwamba hata mimi nikinyeshewa sibaki vilevile.

Ndipo nikaenda kwa muuza vitu vya mitumba, yule mwenye kibanda kilichojaa mashine za kunyolea na feni zisizo na mbawa. Nikaliona liko chini ya meza. Sanduku la plastiki ngumu, rangi ya manjano, vibanio viwili vya chuma, mpira umezunguka mfuniko wote ili maji yasiingie. Lilikuwa jepesi hata mtoto angelibeba. Moyo ukanipiga.

"Hili lilikuwa la nini?"

"La kazi."

"Kazi gani?"

"Ya mtu aliyestaafu," akanijibu, akaendelea kukoroga chai.

Juu ya mfuniko kulikuwa na karatasi ngumu ya gundi imeandikwa kwa herufi kubwa: VIFAA VYA UPIMAJI ARDHI. USIGEUZE. Nilipofika nyumbani nikaanza kuibandua, nikagundua chini yake kuna ufa wa urefu wa kidole. Ile karatasi ndiyo ilikuwa inazuia mvua. Nikairudisha mahali pake nikaipigapiga kwa kiganja ikakaa vizuri. Dhambi yangu ilianzia hapo, na ilianza kwa nia njema kabisa ya kuzuia maji.

Ndani lilikuwa tupu. Lilitaka sponji, na sponji nzuri mimi ninayo moja tu, nailalia. Nikachukua kisu cha mkate nikakata kipande cha godoro upande wa bega. Nikailaza mashine kifudifudi juu ya gazeti, hili hili mnalolisoma, nikaizungushia kalamu, nikakata shimo kwa kufuata mstari. Kazi safi. Nilipoigeuza mashine uso juu ili iingie, matundu ya nyaya yakawa upande wa kulia na nafasi yake kwenye sponji ikawa kushoto. Bega zima la godoro limekwenda bure. Nikakata tena, safari hii sehemu ya nyonga, mashine ikiwa chali. Ikaingia, ikatulia, ukiitikisa haichezi. Tangu siku ile mimi nalala kwa zamu: nikilaza bega, nyonga inaning'inia.

Lakini jamani, lile sanduku lilinipa heshima ambayo muziki haujawahi kunipa.

Siku ya kwanza kutoka nalo, muuza duka wa kona akaniona kwa mbali akaanza kuvuta benchi lake kutoka barabarani kuliingiza ndani. Mwenye karakana ya baiskeli akaniamkia. Mama mmoja aliyekuwa anaotesha mboga ukingoni mwa njia akaniambia, bila kuulizwa, kwamba hapo si pake, amepashikilia tu. Nikamwambia asijali. Ningesema nini kingine? Mlinzi wa hoteli ambaye siku zote ananipitisha mlango wa jikoni akanifungulia ule wa mbele akaniita mheshimiwa. Nikapita na kichwa juu. Sikumdanganya mtu. Nilikaa kimya tu, na kimya changu kikawa kinanifanyia kazi.

Sasa nije kwa mchumba wangu.

Mchumba wangu anauza dawa kwenye duka lililo karibu na stendi. Mkono wake mwepesi, akili yake nyepesi zaidi. Tumependana miaka miwili, na miaka yote miwili baba yake hajanitia machoni, kwa sababu yule mzee, mkaguzi wa shule mstaafu, ana neno moja tu kuhusu wanamuziki. Ukimtajia anasema, "Hao," kisha anageukia mambo mengine.

Hatimaye akakubali kunipokea nyumbani, Jumamosi, saa sita mchana. Mchumba wangu akaniweka kitako.

"Akikuuliza kazi, sema unashughulika na vifaa."

"Vifaa gani?"

"Vifaa. Ishia hapo."

"Huo si uongo?"

"Uongo ni ukiendelea," akasema. Halafu akanishika mkono. "Nisikilize vizuri. Baba akikukataa leo, hakuna mara ya pili. Namjua. Na mimi sitaweza kuolewa huku amenipa mgongo. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Niliogopa, nawaambia ukweli. Huyu ndiye mtu pekee aliyewahi kukaa kwenye ukumbi mtupu akanisikiliza nikijaribu mitambo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akapiga makofi. Nisingekubali kumkosa kwa sababu ya neno moja.

Jumamosi hiyo nilikuwa na kazi ya harusi saa kumi jioni. Nikaona nisirudi nyumbani, niende kwa wakwe na vitu vyangu vyote: sanduku la manjano mkono wa kulia, stendi ya spika ya miguu mitatu begani. Spika yenyewe ilikuwa ukumbini tayari. Someni tena hiyo sentensi, mjiulize mtu anafananaje hapo.

Mzee alinifungulia geti mwenyewe. Akaanza na viatu vyangu, akapanda mpaka kwenye sanduku, akasoma. Akaiangalia ile stendi ya miguu mitatu. Uso ukamfunguka.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Nyuma yake mchumba wangu akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameniandaa kuitwa "wewe".

Nikaketishwa kwenye kiti chenye mito. Nikaletewa maji ya kunawa, nikatengewa chakula, nikaongezwa kabla sijamaliza. Mama mwenye nyumba alikuwa zamu kazini, kwa hiyo mchumba wangu ndiye aliyekuwa anaingia na kutoka, na kila akipita ananikazia macho kuniambia nisiharibu.

"Kwa hiyo unashughulika na vifaa," Mzee akaanza.

"Ndiyo, Mzee."

"Vifaa vya watu makini."

"Vinataka umakini, ndiyo."

"Vizuri sana. Binti yangu ana siri huyu. Miaka yote hajaniambia kuwa ni kazi kama hii." Akasogeza sahani ya matunda upande wangu. "Mimi sina mengi. Mtu mwenye kazi inayoeleweka, mtu anayesema kweli, basi. Mengine mtamalizana wenyewe."

Nilitafuna lile tunda taratibu. Nikajua yaani nimepita. Nilitaka kulia kwa furaha, na nilitaka kukimbia, vyote pamoja.

"Ukishiba," akasema Mzee, "kuna kitu kidogo nje nataka unisaidie. Dakika tano tu."

Nje, kati ya ua wake na wa jirani, kulikuwa na ukuta wa matofali, na upande wa pili wa ukuta kuna chumba kidogo cha bati kimeegemezwa hapo. Sauti ya cherehani ilikuwa inatoka ndani. Jirani ni mjane mshonaji, mtaa mzima unamwita Mama Vifungo.

"Huyu mama," Mzee akaninong'oneza, "miaka tisa amekaa kwenye ardhi yangu. Nimesema, sisikilizwi. Nimeandika barua, hazijibiwi. Leo Mungu ameniletea mpima mpaka mezani kwangu. Toa vyombo vyako, mwanangu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Nikamwona mchumba wangu amesimama mlangoni na sinia la glasi, anatikisa kichwa kidogo sana. Nikalimeza.

"Mzee, kupima kunataka muda. Leo si..."

"Kisia tu. Sitaki kwenda na kipimo mahakamani. Nataka ajue."

Nikasimamisha stendi. Nikafungua sanduku nikiwa nimeuelekeza mfuniko kwa watu, mtu asichungulie. Watu wenyewe wameanza kujaa: muuza maziwa, mafundi bomba wawili waliokuwa wanapita na ngazi yao, majirani wa upande wa pili. Nikatoa mashine ya midundo nikaishikiza juu ya stendi kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine nikavaa hedfoni, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho mikono yangu imezoea kufanya.

"Hizo za masikioni za nini?" akauliza muuza maziwa.

"Za kusikiliza ardhi," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Muuza maziwa akarudi nyuma hatua moja kwa adabu.

Nikawasha. Mdundo wa harusi ulikuwa tayari umepangwa ndani, ukaanza kunipiga masikioni, na kichwa changu kikaanza kutikisika chenyewe, maana ndivyo kilivyofunzwa. Watu wakaona mtaalamu anakubaliana na anachosikia. Mzee akakunja mikono.

"Inasemaje?"

Nikatazama kioo cha mashine. Kioo kile kikiwashwa kina namba moja tu, kasi ya mdundo, yaani mapigo mangapi kwa dakika. Harusi huwa naziweka palepale. Nikaisoma kwa sababu hakukuwa na kingine cha kusoma.

"Mia moja ishirini na nane."

"Sentimita alizoingia kwangu?"

Msomaji, ningeweza kusema hapana. Ningesema mashine imeharibika, ningesema betri zimekwisha. Lakini baba wa mchumba wangu alikuwa ananitazama kwa macho ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kunitazama nayo, macho ya kuniamini.

"Sentimita," nikasema.

Mama Vifungo alikuwa ametoka, mkanda wa kupimia nguo shingoni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Si mtu wa kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaja karibu.

"Mwanangu, nami nipimie upande wangu. Haki ni haki."

Nikahamisha stendi upande wake. Nikavaa hedfoni. Kichwa kikatikisika.

"Hapa inasemaje?"

"Mia moja ishirini na nane."

"Mnaona?" akasema fundi bomba mmoja. "Haina upendeleo hii."

Kila mtu akaafiki kwamba mashine inayosema kitu kimoja pande zote mbili haiwezi kuwa imehongwa.

Mama Vifungo akavua ule mkanda wa nguo shingoni, akainama, akapima chumba chake kutoka kwenye ukuta. Akanyanyuka polepole.

"Chumba kina mita mbili," akasema. "Nikitoa hiyo yenu, nitabakiwa na nafasi ya ubao wa pasi."

Akaurudisha mkanda shingoni.

"Mimi nilijenga kwa kamba na macho ya fundi," akaendelea, bila hasira. "Sikuwa na mashine. Kama mashine imesema, imesema. Jirani, nilidhani unanionea. Unisamehe." Akaingia ndani akaanza kutoa vitu: marobota ya vitambaa, makopo ya vifungo, sare za shule zilizokuwa hazijashonwa. Wale mafundi bomba wakamsaidia kutoa cherehani, kwa kuwa yeye na wao wote walikuwa watu wema. Mle ndani ndimo alimosomeshea watoto watatu, muuza maziwa akaniambia, bila kujua ananichoma.

Nikashindwa. Nikairudisha mashine sandukuni, nikamvuta Mzee pembeni, nyuma ya pipa la maji.

"Mzee, nina neno. Mimi si..."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kijana, nimekagua shule miaka thelathini. Nimeonyeshwa maabara zisizo na maji na maktaba za vitabu vya kuazima. Nilikujua ulipovaa hizo hedfoni. Hicho ni kinanda cha watoto wa muziki."

"Ni mashine ya midundo."

"Hiyo hiyo." Hakupandisha sauti. "Sasa nisikilize. Unamtaka binti yangu?"

"Namtaka, Mzee."

"Basi wewe ni mpima ardhi mpaka bati la mwisho lishuke. Kesho kuwa unachotaka, hata mcheza sarakasi, sitauliza. Funga mdomo wako na funga sanduku lako."

Nilipogeuka, mchumba wangu alikuwa hatua mbili nyuma yetu na lile sinia. Alikuwa amesikia kila neno, na alijua kwamba nimejua amesikia. Akapita katikati yetu akaenda kuwapa wageni maji.

Nikarudi uani. Nilisimama karibu na sanduku langu nikiona aibu hata kulishika. Mama Vifungo akanijia na daftari, lile analoandikia vipimo vya wateja, mabega na viuno vya mtaa mzima.

"Mpima, niandikie hapa. Watoto wangu wakirudi waniulize chumba kimekwenda wapi, niwe na karatasi ya kuwaonyesha. Andika kipimo, na andika wewe ni nani."

Akanipa kalamu. Mzee akakohoa.

Nikapata ujanja ambao wakati ule niliuita ujasiri. Mdomo nimeambiwa nifunge, lakini mkono hakuna aliyeuzuia. Nikaandika: "Mama, mimi si mpima. Napiga muziki kwenye harusi. Hiyo 128 ni kasi ya mdundo. Chumba chako kisiguswe. Nisamehe." Nikafunga daftari nikampa. Nikahisi mabega yamekuwa mepesi. Nilikuwa nimeungama mbele ya watu wote bila mtu hata mmoja kusikia.

Akapapasa paji la uso akitafuta miwani. Hakuna. Alikuwa ameivua wakati wa kutoa vitu, ikafungwa ndani ya robota moja kati ya marobota kumi na mawili.

"Jirani," akamwita Mzee, "wewe una miwani. Nisomee."

Mzee akalichukua daftari. Akavaa miwani yake taratibu, akasoma moyoni mpaka chini. Niliona macho yake yakifika mwisho wa mstari wa mwisho. Kisha akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti ya mkaguzi:

"'Nimepima pande zote mbili. Ukuta urudi nyuma sentimita mia moja ishirini na nane. Mpima.'"

"Nashukuru, mwanangu," Mama Vifungo akaniambia. "Wengine wangekula pande zote mbili."

Akawageukia wale mafundi bomba. "Haya, wanangu, mnisaidie kushusha bati. Anzeni na lile la mbele, misumari yake ni mizuri, nitaihitaji."

Ngazi ikaegemezwa. Mmoja akapanda. Bati la kwanza likaanza kung'oka, na lile bati lina sauti, nawaambia, mpaka leo nikisikia mtu anafungua mlango wenye kutu nasimama. Mama Vifungo alikuwa amesimama chini anapokea misumari kiganjani, anainyoosha mmoja mmoja kwa jiwe. Hakuwa analia. Angelia ningevumilia.

Nikamtazama mchumba wangu. Miaka miwili. Nikatazama misumari.

"Mama, acha," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Waambie washuke. Mimi si mpima. Ni mpiga muziki. Hiyo ni mashine ya ngoma, njoo usikilize mwenyewe." Nikaitoa mashine sandukuni, nikaiwasha, nikachomoa waya wa hedfoni. Mdundo ukatoka kwenye kispika chake kidogo, mwembamba, unaruka-ruka, ule ule wa kuingizia maharusi.

Aliyekuwa juu ya ngazi akaganda na bati mkononi. Muuza maziwa akasogea akasikiliza kwa makini sana.

"Kweli ni ngoma," akatangaza.

Wote wakamgeukia Mzee. Na Mzee, yule yule wa nyuma ya pipa la maji, akarudi nyuma hatua moja, akashika kifua. Kama kuna aliyekosea kazi pale kati yangu na yeye, ni yeye. Angekuwa jukwaani.

"Nini?" akasema. "Umekula chakula changu, umekaa kwenye kiti changu, kumbe ni tapeli? Umenifanya nimdhulumu jirani yangu?"

"Mzee, si ulisema unajua? Pale nyuma ya pipa. Na nilichoandika umekisoma kwa macho yako."

"Mnamsikia?" akawauliza watu, huku akilikunja daftari na kulitia kwapani. "Sasa anataka kuniingiza."

Watu wakaanza kunung'unika, na manung'uniko yenyewe hayakuwa ya kumsema yeye. Nani angeamini? Yeye mkaguzi mstaafu, mimi nimesimama na stendi ya spika. Kulikuwa na mtu mmoja tu pale uani aliyesikia yaliyosemwa nyuma ya pipa. Nikamtazama. Sikumwomba kwa mdomo, nilimtazama tu, nikiwa na hakika naye kuliko nilivyowahi kuwa na hakika na kitu chochote.

Mzee naye akamgeukia.

"Na wewe," akamwambia binti yake. "Huyu ni mtu wako. Ulijua?"

Mchumba wangu akaliweka sinia juu ya kizingiti. Akapangusa mikono kwenye gauni. Akamtazama baba yake, akamtazama Mama Vifungo na misumari yake, akanitazama mimi mwisho.

"Sikujua, Baba," akasema. "Mimi aliniambia ni mpima ardhi."

Mzee akaenda akafunga geti kwa ndani, akatia ufunguo mfukoni, akamwambia muuza maziwa awapigie polisi simu. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi, na harusi ilikuwa inanisubiri saa kumi.